Matufaha ya Moto kwa Safari ya Boke

Boke mwanangu,

Salamu siandiki, maana asubuhi tumesalimiana na kesho tutasalimiana tena kabla gari halijakuchukua. Sasa hivi ni mchana wa Jumapili. Wewe umekwenda kumuaga bibi yako kule ng'ambo ya kijito. Baba yako yuko zizini, anajifanya anakagua ng'ombe ambao alishawakagua jana. Mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda, karatasi nimeiweka juu ya ungo, na sufuria ya matufaha iko motoni. Mwandiko ukipinda, ulaumu ungo.

Ninaandika kwa sababu kusema kumenishinda. Tangu juzi nakuita nikiwa na neno mdomoni, na ukifika nakutuma kuni. Sasa kuni zimejaa mpaka mlangoni na neno bado ninalo. Najua umeshaanza kunicheka chinichini.

Sitakuambia ufue lini wala ulale saa ngapi. Una akili zako, na mama yako mkubwa huko Isebania, upande wa Kenya, ana mdomo wa kutosha kwa mambo hayo. Hata namna ya kupika kinywaji hiki sikuandikii. Umesimama karibu na mafiga haya tangu ukiwa mfupi kuliko mtungi wa maji, ukinusa mvuke, ukiuliza kwa nini karafuu zinaelea. Mikono yako inajua. Nataka kukuambia mambo ya sufuria hii ambayo hukuyaona, na mengine uliyaona ukiwa mdogo ukayaelewa nusu.

Nilipoolewa hapa Nyarero wewe ulikuwa hujaanza shule. Mama yako, Mungu amweke pema, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi nilitoka Issenye, sijui Kikurya zaidi ya kusalimia, nina sanduku moja la nguo na kiburi cha kujaza masanduku mengine mawili. Siku ya kwanza nilikupikia uji wa wimbi, nikautia maziwa, nikakuwekea kwenye bakuli la bluu. Ulikaa mbele yake ukaukodolea macho mpaka ukashika ngozi juu. Kisha ukainuka, ukavuka kijito, ukaenda kula kwa bibi yako, mama mkwe wangu.

Nikasema, mtoto amedekezwa huyu, njaa itamrudisha. Njaa haikukurudisha. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Siku walipokuja wageni ndipo nilipojua sababu. Nilikupa maji kwenye kikombe, ukarudisha mikono nyuma, ukasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, tena kwa lafudhi ya kule kule ng'ambo ya mpaka, "Mama mkubwa alisema nisikule kitu ya huyu mama. Hata maji nisikunywe."

Wageni wakaanza kuongelea mvua. Mimi nilibaki nimeshika kile kikombe kama mjinga. Jioni baba yako akaniambia, "Onja kwanza kidogo, mtoto aone. Ndivyo watu wanavyofanya."

Nikamjibu, "Kwani mimi nimeolewa hapa au nimeshtakiwa?"

Unanijua. Kule kwetu pia mwenye nyumba huonja pombe kabla ya mgeni, mila hiyo sikuwa mgeni nayo. Lakini kumwonjea mtoto uji! Niliona nikionja nitakuwa nimekubali kwamba kuna la kuogopwa mkononi mwangu. Nikaapa sitaonja. Basi wewe ukaendelea kuvuka kijito, wakati wa jua na wakati wa mvua, na mimi nikaendelea kupika chakula chako na kukimwagia kuku. Nilijiona nina msimamo. Leo nikikumbuka zile nyayo zako ndogo kwenye tope, najionea aibu, na sitaki kuipamba aibu hiyo kwa maneno mazuri.

Wakati huo ndio dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu. Kila mwanamume mwenye sururu alikuwa Nyamongo, na asiye na sururu aliazima. Baba yako aliacha mahindi yakiwa magotini, akaenda kuingia kwenye duara, yale mashimo yao ya kuchimbia, na rafiki yake Mwita. Nami sikutaka kubaki hapa nikipikia kuku. Nikaanza kupeleka biashara machimboni, naondoka mwanzo wa wiki narudi mwishoni, na wewe ukabaki kwa bibi yako kwa raha zako.

Nilianza na mandazi, lakini kila mwanamke kule alikuwa na mandazi. Nikaenda Sirari nikaona matufaha yanayovushwa kutoka Kenya, mekundu, yamepangwa kwenye makasha kama mayai. Nikajiambia, watu wenye dhahabu mfukoni watataka kitu ambacho jirani hana. Nilinunua kasha zima. Barabara unaijua. Tulipofika, yaliyokuwa juu yalikuwa mazima na yaliyokuwa chini yalikuwa yamebonyea kama vichwa vya mabondia. Wachimbaji wakayaita mapera ya Kenya. Walinunua mazuri, mabaya wakaniachia, wakanicheka.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kweli, ukungu umelala mpaka chini. Wanaume waliokesha shimoni walikuwa wanatoka wamelowa, meno yanagongana. Nilikuwa na tangawizi kwa ajili ya chai ya rangi. Nikasema, kama tangawizi inaweza kuingia kwenye maji matupu, itashindwaje kuingia kwenye tufaha? Nikakata yale yaliyobonyea, nikatupa palipooza, nikayatia sufuriani na maganda yake. Nikaweka tangawizi ya kupondwa, mdalasini, karafuu chache, na sukari guru. Mchaichai niliuongeza baadaye, huo ni ujanja wako wewe, nitaufikia. Yakachemka polepole mpaka yakalainika, nikayaponda kwa mwiko, nikachuja kwa kitambaa cheupe.

Ilitoka rangi ya chai ya mkandaa, na harufu yake iliwatoa watu kwenye mahema. Mwita ndiye alikunywa kwanza. Akafumba macho, akamwambia baba yako, "Mura, huyu mama anataka kutuua kwa utamu." Tangu siku hiyo ikawa kila alfajiri wananiita, "Mama Issenye, lete moto!" Na mimi nikavimba kichwa. Nikawa sionji hata kijiko. Nilikuwa najua rangi, najua harufu, nionje kwa nini?

Sasa sikiliza kosa langu, maana hapa nyumbani husimuliwa kwa kicheko na mimi hucheka pia, lakini halikuwa la kuchekesha.

Wiki moja wateja walizidi, sufuria yangu ikawa ndogo. Nikaazima chungu kikubwa cha bibi yako, kile cha pombe ya wimbi. Nilikisugua kwa majivu mpaka mikono ikauma, nikakisuuza, nikakinusa, nikaona kiko safi. Nikapika matufaha, yakapoa, nikayamimina humo nikafunga mdomo kwa jani la mgomba. Mvua ikanyesha, gari halikutoka siku hiyo wala iliyofuata. Nilipofika machimboni na kufungua, kulikuwa na povu juu. Nikasema ni tangawizi. Nikaipasha moto kidogo tu, kwa sababu watu walikuwa wananingoja, nikaanza kugawa.

Wakaisifu kuliko siku zote. Wakarudi kikombe cha pili, cha tatu. Wakaimba. Mwita akashika kamba kuteremka kwenye duara akiwa anaimba bado, mkono ukamteleza. Hakufa, Mungu ni mwema, alivunjika mkono. Lakini kabla hawajamtoa shimoni maneno yalikuwa yameshafika kila hema. Yule mama ametia dawa. Yule mama wa Issenye, yule ambaye hata mtoto wa nyumbani kwake hali kwa mkono wake. Hilo nalo walikuwa nalo, Boke. Sijui lilifikaje huko.

Walimwaga chungu chote chini. Baba yako alisimama mbele yangu na sururu yake, hakusema kitu, alisimama tu mpaka wakaondoka. Siku nyingine akikukera na ukimya wake, kumbuka hilo.

Nilirudi nyumbani na chungu kitupu, nikampelekea bibi yako, nikamweleza yote nikilia kwa hasira. Nilitegemea anionee huruma. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Chungu hicho nimepikia pombe tangu nimeolewa," akasema. "Ulidhani utakisafisha kwa majivu ya siku moja? Umewalewesha watu kwa matunda!" Kisha akaacha kucheka. "Wewe ulionja kabla ya kuwapa?"

Nikasema sikuonja.

"Basi hata wewe hukujua unawapa nini. Na mjukuu wangu, unamwonjea?"

Nikasema mimi si mchawi.

"Nani amesema? Mtoto amefiwa na mama, ameambiwa neno la kutisha na mtu anayempenda. Anaogopa. Unaonja ili anywe, basi. Nyie watu wa Issenye mnapenda kesi."

Nilikaa pale nikitazama chungu. Kwa muda wote ule nilikuwa nimehesabu kuonja kuwa ni jambo langu, la heshima yangu, jina langu. Haikunijia hata siku moja kwamba mwenye kiu alikuwa wewe. Ningeonja kikombe kile Mwita asingevunjika mkono. Ningeonja uji ule wa kwanza usingevuka kijito mwaka mzima.

Nikarudi machimboni na sufuria ya bati. Asubuhi ya kwanza hakuna aliyesogea. Nikachota kikombe, nikanywa mbele yao. Nikachota kingine, nikaonja, nikakiweka chini. Nilionja kila kikombe kabla ya kukitoa, mbele ya kila mtu, na wengine walikuwa wanacheka, na ulimi ukaungua mpaka sikujua utamu tena. Aliyekuja kwanza ni Mwita, mkono umefungwa shingoni. Akapokea kwa ule mzima. Nikamwambia nisamehe, akasema, "Mama, ile nyingine ilikuwa tamu zaidi." Watu wakacheka, wakasogea.

Mwisho wa wiki ile nilikuja nyumbani na matufaha machache. Ulikuwa umekuja kuchukua sweta lako. Kulikuwa na manyunyu. Nikapika kidogo, nikamimina kwenye kikombe chako cha bati, nikakaa chini, siyo kwenye kigoda, chini kabisa. Nikanywa funda moja ukiwa unaniangalia koo. Nikakiweka kati yetu, nikatoka nje kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa zimeshalowa zamani.

Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu na wewe ulikuwa unalamba mdalasini.

Usifikiri mambo yalinyooka siku hiyo. Miaka iliyofuata ulikuwa unaniambia, "Onja kwanza." Kila kitu. Uji, maharage, maziwa, hata dawa ya kikohozi uliyopewa zahanati. Nikaonja. Siku nyingine nilionja nikiwa nacheka, siku nyingine nilionja nikiwa na uchungu. Nakuambia ukweli huu kwa sababu umekuwa mtu mzima, na siku moja utapenda mtu anayekuogopa. Kuna jioni nilitaka kukutikisa nikuulize mpaka lini. Nilionja, nikakupa. Ulipokuwa darasa la tatu ulileta mchaichai kutoka nyuma ya nyumba, ukautia sufuriani bila kuniuliza, ukaniambia, "Onja." Hapo nilicheka sana, maana sasa nilikuwa naonja mapishi yako.

Halafu ikaja siku baba yako aliporudi kabisa kutoka machimboni. Duara lao lilikuwa limeingia maji, dhahabu aliyoipata ilitosha bati za nyumba hii na ng'ombe wachache, akasema sasa basi, tumbo la ardhi limemchosha. Majirani wakaja kumpokea. Nilipika sufuria kubwa ya matufaha, nikapanga vikombe kwenye sinia. Nilikuwa natoka mlangoni, sijafika hata kwa mgeni wa kwanza, sijaonja. Wewe ulikuwa unatoka kisimani na sare yako ya shule, ndoo kichwani. Ukatua ndoo, ukachukua kikombe kwenye sinia, ukanywa nusu nzima. Ukakunja uso ukasema, "Mama, tangawizi imezidi leo." Ukarudisha kikombe, ukabeba ndoo yako ukapita.

Hukuona kitu. Bibi yako aliona. Alinitazama mara moja tu, akageukia wageni akaanza kuongea kwa sauti kubwa ili wasinitazame. Nilimwachia sinia, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakata mchaichai fungu zima ambalo halikuhitajika. Nililia huko, Boke. Tangawizi kweli ilikuwa imezidi.

Sijawahi kukuuliza kama ulijua ulichofanya. Naogopa utasema ulikuwa na kiu tu.

Sasa unakwenda kwa mama yako mkubwa. Hoteli yake pale Isebania imekuwa kubwa, anahitaji mtu wa damu yake, na wewe ndiye mtoto pekee wa mdogo wake. Ni haki yake kukuita. Aliyekuambia usinywe kwa mkono wangu ni yeye, na nilimchukia kwa neno hilo miaka mingi. Siku hizi simchukii. Alikuwa amemzika mdogo wake, halafu anaona nyumba ile ile inaingiza mwanamke mgeni mwenye kiburi. Ningekuwa mimi ningesema maneno yale yale, tena kwa sauti kubwa zaidi. Anapokuja hapa kututembelea anakaa sebuleni vizuri, ananisifia mapazia, na nikimletea kikombe anasema tumbo lina gesi. Hata nikionja, gesi haipungui. Basi, mimi na wewe tunajua gesi hiyo.

Usinitetee huko. Usimshindanishe na mimi, usimwambie mama wa Nyarero anapika hivi au vile. Mpikie tu. Kukiwa na baridi mtengenezee matufaha ya moto, kwao yapo mengi na hayajabonyea. Onja mbele yake, hata kama ni mama yako wa damu, hata kama utajiona unadharauliwa. Akikataa, kikombe chako kinywe mwenyewe uendelee na kazi. Usifanye kama mimi, kumwagia kuku chakula kizuri kwa sababu ya jina langu.

Na sasa lile neno ambalo nimekuwa nikikutuma kuni badala ya kulisema. Ninaogopa. Utakaa kwa watu wa mama yako, utasikia kicheko kinachofanana na chako, utaona picha zake ambazo sisi hatuna. Watakuambia habari zake, na ni vizuri, zidai zote. Lakini naogopa kwamba siku moja mtu atakuuliza kuhusu mimi, nawe utasema, ni mke wa baba. Litakuwa kweli, sitaweza kulipinga. Litaniua tu.

Sikuzai. Nilikuonjea. Sina kingine cha kuonyesha, na sikidai kiwe kingi.

Naona jua limeanza kushuka na wewe unavuka kijito, nakuona kwa mlango wa jikoni, umebeba kuku ambaye bila shaka bibi yako amekulazimisha. Ngoja nimalize kabla hujafika.

Sufuria nimeipua. Ni sufuria ya bati, chungu cha bibi yako kiko mbali na hapa, usiwe na wasiwasi. Alfajiri nitaipasha moto vizuri, nitaimimina kwenye chupa ya chai ile mpya na kuifunga, na barua hii nitaiweka chini yake kwenye kapu. Chupa utaifungua ukishavuka mpaka, au baridi ikikubana njiani.

Utakuta imejaa mpaka mdomoni. Tangu siku ya mkono wa Mwita, ukiacha siku ile ulipojichukulia kikombe kwenye sinia, sijawahi kumpa mtu kinywaji hiki bila kutangulia mimi. Leo nimeshinda nacho mchana kutwa, mvuke wa karafuu usoni, mwiko mkononi, na sijaonja hata tone.

Kwa hiyo sijui kama sukari imetosha, wala kama tangawizi imezidi. Utaniambia wewe.

Ni mimi mama yako,
wa Nyarero